Wikendi ya kulenga shabaha pamoja na historia ya 19 Aprili 1775: tuipange vipi hapa Lubumbashi?

Mwalimu_Kasapa

Jambo kwenu wote. Kilabu chetu cha historia kinaandaa Jumamosi na Jumapili moja ya mwezi wa saba, masomo yakishafungwa. Tunafuata mfano wa zile wikendi za Marekani: mtu anafundishwa kulenga bunduki, na wakati wa mapumziko anasimuliwa jinsi vita ya uhuru ya makoloni ya Uingereza kule Amerika ilivyoanza Lexington na Concord, vijiji viwili vya Massachusetts karibu na Boston.

Tulivyo navyo: vijana 12, wote wamepita miaka 16 na wazazi wametia sahihi. Bunduki 6 za upepo za mm 4.5, za springi na za kukunja mtutu, zote na vilengeo vya chuma bila darubini. Lupangu yenye ukuta wa matofali pande zote, urefu mita 22, upana mita 14. Silaha ya baruti hatutagusa hata moja.

Maswali yangu:

Kule wanapiga mita 25 kwa bunduki ndogo za baruti. Sisi tutapiga mita 10. Shabaha na mtihani tuvipunguze vipi ili alama ziwe na maana ileile? Vidonge vingapi vinatosha? Amri za mstarini ziwe zipi? Na historia isimuliwe kwa kiasi gani ili isiwe pambo tu la katikati ya risasi?

FundiShabaha

Mwalimu, nianze na karatasi, maana ikikosewa hiyo wikendi nzima inapimwa kwa rula mbovu.

Shabaha zao za mita 25 zimepunguzwa ili zionekane kama ziko yadi 100, 200, 300 na 400. Kwa mita 10 hesabu ni nyepesi. Chukua kitu chenye upana wa sm 50. Ili kionekane kama kiko mita 100, kichore kwa sm 5. Cha mita 200 ni mm 25, cha mita 300 ni mm 17, cha mita 400 ni mm 12.5. Chora mistatili myeusi, usichore umbo la mtu. Vijana wa nchi hii wana sababu zao za kutopenda kulenga mtu hata wa karatasi, na mstatili unafundisha vilevile.

Kipimo kikuu cha walimu wa shabaha ni dakika ya pembe, yaani digrii moja ikigawanywa mara 60. Kwenye mita 100 dakika moja ina upana wa mm 29, kwenye mita 25 mm 7.3, kwenye mita 10 mm 2.9. Wao wanataka mlengaji aweke risasi zake zote ndani ya dakika 4. Kwenu hizo ni mm 11.6, basi chora duara la mm 12. Utaona kwamba mstatili wa mita 400 unakaribia sana ukubwa huo. Anayeupiga mara tano mfululizo amefika.

Mkichapa karatasi, chagua ukubwa halisi, asilimia 100. Mashine nyingi hupunguza ukurasa kidogo ili uingie ndani ya pambizo, na fotokopi huupunguza tena. Pima mstatili wa sm 5 kwa rula kabla ya kutoa nakala 150. Karatasi tupu huchanika vibaya ikipigwa na kidonge, kwa hiyo igandishe juu ya katoni, na tumia vidonge vya kichwa bapa ambavyo vinakata tundu safi la duara. Tundu likigusa mstari, hesabu kuwa limeingia.

Mtihani wao una risasi 40. Kumi kwa kusimama ndani ya dakika 2, kumi kwa kukaa au kupiga goti ndani ya sekunde 55, kumi kwa kulala kifudifudi ndani ya sekunde 65, na kumi za mwisho kwa kulala, kwa utulivu, ndani ya dakika 5. Hizi za mwisho huhesabiwa mara mbili. Jumla ni 250, na mwenye 210 hupewa kiraka cha kushona kwenye nguo.

Msijaribu sekunde 55 kwa bunduki ya kukoki kila risasi. Mtu atakimbizana na mtutu badala ya kulenga, na vidole vitaumia. Wekeni risasi 5 kila hatua: kusimama dakika 3, kukaa dakika 3, kulala dakika 4, kulala kwa utulivu dakika 5. Kila risasi ina alama 5, hatua ya mwisho mara mbili. Jumla ni 125. Mia mbili na kumi kwa 250 ni asilimia 84, basi kwenu mpaka wa kiraka ni 105.

Vidonge: springi inachosha bega na mkono, na kijana aliyechoka anajifunza makosa. Risasi 90 kwa siku zinatosha. Kwa watu 12 na siku mbili ni 2,160, ongeza kama 200 za kurekebisha vilengeo kabla. Makopo matano ya vidonge 500 yanatosha.

Bunduki 6 kwa vijana 12 ni hesabu nzuri kuliko mnavyodhani. Wapangeni wawiliwawili. Mmoja anapiga, mwenzake anakaa nyuma yake na kuangalia vitu vitatu tu: kidole kinabonyeza polepole au kinagonga? Jicho linafumba kabla ya risasi? Baada ya risasi kichwa kinanyanyuka mara moja? Mwangalizi hujifunza nusu ya somo bila kugusa bunduki.

Sasa somo lenyewe. Lina hatua sita, na lifundishwe kwa utaratibu huu bila kuruka:

1. Panga vilengeo: ncha ya mbele iwe katikati ya mwanya wa nyuma, vichwa vyao usawa mmoja.
2. Peleka vilengeo vilivyopangwa kwenye shabaha.
3. Pumua kawaida, toa hewa, na pale pumzi inapotulia yenyewe kabla ya kuvuta tena, hapo ndipo pa kupigia. Ikipita kama sekunde 8 hujapiga, acha, pumua upya.
4. Jicho likazie ncha ya mbele. Shabaha itaonekana na ukungu, na ndivyo inavyopaswa. Jicho haliwezi kuona vizuri umbali mbili kwa wakati mmoja, na kosa dogo la ncha ni kubwa kuliko kosa la ukungu.
5. Bonyeza triga moja kwa moja kuelekea nyuma, bila kusogeza vilengeo.
6. Risasi ikitoka, shikilia triga nyuma, jicho libaki pale pale, jiambie ncha ilikuwa wapi. Kwa bunduki ya springi hatua hii ina uzito zaidi kuliko kwa ya baruti, maana kidonge hubaki ndani ya mtutu muda mrefu zaidi wakati springi inatikisa chuma.

Kabla ya hizo sita kuna jambo wanaloliruka wengi: mwelekeo wa asili wa mwili. Lala, lenga, funga macho, vuta pumzi na uitoe, legea kabisa. Fungua macho. Vilengeo vimehama kushoto? Basi mwili wako unaelekea kushoto, na kila risasi utakuwa unaisukuma bunduki kwa misuli. Usiisukume. Acha kiwiko cha mbele mahali pake, zungusha nyonga na miguu, jaribu tena. Likiwa kosa la juu au chini, sogea mbele au nyuma kidogo. Rudia mpaka macho yafunguke na vilengeo viko palepale. Asubuhi yote ya Jumamosi ikiishia hapo tu, haijapotea.

Kapita_wa_Mstari

Ndugu Mwalimu, mimi nashika upande wa usalama na vibali.

Vibali kwanza. Silaha hapa kwetu ziko chini ya amri-sheria namba 85-035 ya 3 Septemba 1985. Usijiamulie mwenyewe kwamba bunduki ya upepo haihesabiwi. Andika barua kwa ofisi ya meya, nakala kwa komini na kwa polisi wa eneo, ukitaja tarehe, saa, mahali, idadi ya bunduki na aina yake, majina ya wasimamizi wazima. Nenda uichukue nakala yenye muhuri, na siku ya tukio iwe mlangoni. Zungukeni kwa majirani siku tatu kabla. Bunduki zisafiri ndani ya gari, ndani ya mifuko iliyofungwa. Kijana asionekane barabarani na bunduki begani hata mita kumi, hata mkiwa na kibali chochote. Wenzetu wa Goma na Bukavu wanaosoma hapa: kwa sasa fanyeni historia peke yake, ina utajiri wa kutosha.

Kizuizi cha vidonge: kwa fundi wa kuchomelea yeyote mjini, agiza sanduku la chuma la sm 40 kwa 40, kina sm 40, ndani yake bamba la mm 3 lililoinama nyuzi 45 kuelekea chini. Kidonge kinagonga, kinaanguka sakafuni mwa sanduku. Bamba lililosimama wima hurudisha vipande vya risasi usoni. Mbele bandika katoni yenye shabaha. Sanduku moja kwa kila mpigaji, sita. Nyuma ya masanduku uwe ukuta au kichuguu kikubwa, kisha mtu asiwe upande wa pili. Kidonge kikikosa sanduku kinaweza kwenda mita mamia. Na msipige gololi za chuma hata kama bunduki inazikubali, zinarudi zima zima. Miwani ya kazi ni lazima kwa kila aliye ndani ya lupangu, mtazamaji pia. Mji wetu wa migodi hauna shida ya miwani hiyo.

Vidonge vimetengenezwa kwa risasi, na risasi ni madini ya sumu. Hakuna kula wala kunywa mstarini, na kabla ya bukari ya mchana mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, si kwa bakuli moja linalozungushwa. Mlo wetu ni wa mkono, basi hili si la kuachia hiari.

Sheria nne, zisemwe kwa sauti na kila kijana azirudie: mdomo wa mtutu daima upande salama, usiweke kidonge kabla ya amri, kidole nje ya triga mpaka vilengeo viko kwenye shabaha, hakikisha na mwenzako anafuata hizo tatu.

Bunduki ya kukunja mtutu ina hatari yake ya peke yake. Ukiwa umeikoki na mtutu bado umekunjwa, triga ikiguswa au kishikio cha ndani kikiwa kimechakaa, mtutu unajifunga kwa nguvu ya springi yote, na kidole kilichokuwa kinaweka kidonge kinakatika. Kwa hiyo: mkono wa kushoto unashika mtutu kwa nguvu tangu unapokunjwa mpaka unapofungwa, wa kulia ndio unaweka kidonge. Kwa kulala, mtu asikoki akiwa kifudifudi. Ainuke kwa magoti, akoki, aweke kidonge, afunge akielekea shabaha, ndipo alale.

Amri ziwe fupi na za lugha moja. Msichanganye Kiswahili na Kifaransa siku hiyo. Napendekeza:

"Wapigaji kwenye mstari." Wanakaa, bunduki ziko chini, mitutu imekunjwa wazi.
"Koki, weka kidonge."
"Mko tayari?" Anayesita anainua mkono.
"Pigeni."
"ACHA!" Vidole vinatoka kwenye triga papo hapo.
"Kunjeni mitutu, wekeni chini, rudini nyuma hatua tatu."

Msitumie "simama" kwa kusitisha. Aliyelala na bunduki iliyokokiwa akisikia neno hilo huenda akainuka wima. "Acha" halina njia mbili. Na mtu yeyote ana ruhusa ya kulipaza, hata mtoto wa jirani akichungulia mlangoni, si msimamizi peke yake.

Mtutu uliokunjwa wazi ndiyo alama yenu ya usalama. Ongeza uzi wa plastiki mnene wa rangi kali upite ndani ya mtutu kutoka nyuma hadi mbele. Ukionekana ncha mbili, hakuna kidonge ndani. Hakuna anayekwenda kwenye shabaha kabla ya nyuzi sita kuhesabiwa.

MamaHistoria

Mwanangu Mwalimu, swali lako la historia ndilo la maana kuliko yote, na nakuomba usikubali masimulizi ya haraka.

Kuna hekaya inayopendwa sana: wakulima wa Massachusetts walikuwa mafundi wa kulenga, wakawaangusha askari wa mfalme mmoja mmoja kutoka mbali kwa bunduki za mtutu wenye mifuo, yaani mifereji ya ndani inayozungusha risasi. Si kweli kwa siku ile. Wengi wao walikuwa na bunduki za mtutu laini, za kivita au za kuwindia ndege. Ile ya Waingereza, Brown Bess, ilikuwa na mtutu wa karibu mm 19 na risasi ya duara ya karibu mm 17.5, yaani risasi inacheza ndani ya mtutu. Ikipita mita 80 hivi huwezi kuahidi chochote. Bunduki zenye mifuo zilikuwa nyingi zaidi Pennsylvania na mipakani kwa Virginia. Ni tarehe 14 Juni 1775, karibu miezi miwili baadaye, Kongresi ya makoloni ilipoagiza vikosi kumi vya wapigaji wa bunduki hizo kutoka Pennsylvania, Maryland na Virginia.

Vijana wakilijua hili, wataelewa somo la kweli la siku ile: taarifa ilipita haraka, watu walijua wakutane wapi na chini ya nani. Hapo ndipo mazoezi yenu ya mstarini, kusubiri amri na kuiheshimu, yanakutana na historia.

Ipange katika masimulizi matatu, kila moja dakika 20 hadi 25, mkono ukiwa umechoka na bunduki ziko chini.

La kwanza, Jumamosi kabla ya mchana: usiku na Lexington. Jenerali Thomas Gage, gavana aliyekuwa Boston, alituma askari kama 700 chini ya Luteni Kanali Francis Smith wakaharibu silaha na baruti zilizofichwa Concord. Waliondoka mnamo saa nne usiku wa tarehe 18 kwa mashua. Taa mbili ziliwashwa mnarani mwa kanisa la Old North Church kuwa ishara. Paul Revere alivuka maji hadi Charlestown na kupanda farasi kupeleka habari. William Dawes alipita nchi kavu. Wote wawili walifika Lexington, walikokuwa Samuel Adams na John Hancock, viongozi wa makoloni. Revere hakufika Concord: alikamatwa njiani, na aliyefikisha habari ni daktari kijana, Samuel Prescott, waliyekutana naye barabarani. Mkumbuke huyo, wengi wanamsahau.

Alfajiri, karibu saa kumi na moja, Kapteni John Parker alisimama na wanaume kama 77 kwenye uwanja wa kijiji. Hawakuziba barabara. Parker, akiona wingi wa adui, aliwaamuru watawanyike. Risasi ikalia, na aliyeipiga hajulikani mpaka leo. Usiruhusu kijana aondoke akidhani anamjua. Waliuawa wanakijiji 8, wakajeruhiwa 10. Kati ya waliojeruhiwa alikuwemo Prince Estabrook, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa. Simama hapo, waulize vijana: alipigania uhuru wa nani asubuhi ile? Swali hilo ni la historia kabisa, na Wamarekani wenyewe wanaliuliza.

La pili, wakati wa mlo wa mchana: daraja la kaskazini la Concord, karibu saa tatu na nusu asubuhi. Wanamgambo kama 400 walikuwa mlimani. Wakaona moshi juu ya mji: askari walikuwa wanachoma magurudumu ya mizinga, lakini kutoka mlimani ilionekana mji unaungua. Kanali James Barrett aliwaruhusu washuke, wasipige kabla ya kupigwa. Mbele alikuwa Kapteni Isaac Davis wa kijiji cha Acton, mtengenezaji wa bunduki, ambaye kikosi chake kilikuwa kimefanya mazoezi mara mbili kwa wiki na kilikuwa na singe, yaani visu vya kufunga mdomoni mwa bunduki. Waingereza walipiga kwanza, Davis na Abner Hosmer wakafa. Meja John Buttrick akatoa amri ya kujibu. Kwa mara ya kwanza katika mgogoro ule raia wa mfalme waliamriwa na mkubwa wao kuwapiga risasi askari wa mfalme.

La tatu, Jumapili: njia ya kurudi. Boston hadi Concord ni kama kutoka katikati ya Lubumbashi hadi Kipushi, na askari wale walikuwa wametembea usiku kucha. Sasa walirudi njia ileile, kuanzia Meriam's Corner, njia panda nje kidogo ya Concord, wakipigwa kutoka nyuma ya kuta za mawe na miti. Kama si mkubwa mwingine wa Waingereza, Hugh Percy, kuwakuta Lexington na askari kama 1,000 na mizinga miwili, huenda wangekwisha. Vita vikali kuliko vyote vilikuwa Menotomy, mji unaoitwa leo Arlington, nyumba kwa nyumba. Mzee Samuel Whittemore, aliyekuwa na miaka karibu 80, alipigwa risasi usoni na kuchomwa singe, akaachwa kama maiti, akaishi hadi 1793. Jioni Waingereza walihesabu wafu 73, majeruhi 174 na 26 waliopotea. Makoloni walipoteza watu 49.

Wape vijana hesabu: zaidi ya wanamgambo 3,000 walishiriki, kila mmoja akipiga risasi nyingi, siku nzima. Walioguswa ni hao. Hapo wataona mtutu laini ni kitu gani, na wataheshimu duara lao la mm 12.

Mkifika kwenye mapigano ya Saratoga, angalia simulizi la Timothy Murphy, mpiga bunduki wa makoloni, kumpiga Jenerali Simon Fraser wa Waingereza mwezi wa kumi 1777. Fraser alijeruhiwa kweli na kufa. Kwamba ni Murphy, ushahidi ni mwembamba. Liseme kama linavyosimuliwa, si kama lililothibitishwa.

Mwalimu_Kasapa

Mama, aksanti sana. Yaya Fundi na Kapita, aksanti pia. Mawili yamebaki. Bunduki mbili kati ya sita, zikiegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, zinatawanya risasi 5 kwa upana wa mm 40. Zikishikwa mkononi zinakuwa afadhali. Je, zimeharibika? Na mkanda wa bunduki: kule wanaufunga kwenye mkono wa mbele ili bunduki itulie, nasi tufunge?

FundiShabaha

Huenda hazijaharibika. Bunduki ya springi inaruka mara mbili kabla kidonge hakijatoka: nyuma pistoni inapoanza, mbele inapogonga mwisho. Ukiikalisha juu ya kitu kigumu au ukiibana, mruko huo unabadilika kila risasi. Weka kiganja wazi juu ya mfuko, kitako cha mbele, yaani sehemu iliyo chini ya mtutu, kilale juu ya kiganja bila kubanwa na vidole, mahali palepale kila mara. Tia alama kwa chaki. Begani gusa tu.

Zisipokaa chini ya mm 15 baada ya hapo, angalia kwa utaratibu huu: skrubu za kitako, ambazo mtikisiko hulegeza baada ya risasi mia moja hivi; skrubu ya bawaba ya mtutu, mtutu usicheze kushoto na kulia; raba ya kuziba hewa mahali mtutu unapojifunga, shikilia kipande cha karatasi laini juu ya kiungo na upige, kikiruka hewa inavuja; mwisho, aina ya vidonge. Jaribu aina tatu, bunduki mbili za aina moja zaweza kupenda vidonge tofauti. Msitie mafuta ndani ya mtutu wala tundu la hewa. Mafuta huwaka kwa joto la mgandamizo, unaona moshi na mlio mkubwa, na kasi inabadilika kila risasi. Na msiifyatue tupu bila kidonge: pistoni hugonga chuma bila hewa ya kuizuia. Mazoezi bila risasi fanyeni bila kukoki.

Mkanda: kwa bunduki hizi, hapana. Ukifungwa kwenye mtutu unauvuta kando ya bawaba na kundi zima la matundu linahama. Ukifungwa kwenye kitako unarudisha ule mbano. Fundisheni mifupa badala yake: kiwiko cha mbele chini kabisa ya bunduki, mkono uwe nguzo.

Kurekebisha vilengeo: cha nyuma kinasogezwa kule unakotaka risasi ziende, cha mbele kinyume. Kiasi ni kosa mara urefu kati ya vilengeo viwili, gawa kwa umbali. Vilengeo vikiwa mm 450 mbali, kundi liko mm 20 kushoto, umbali mm 10,000: sogeza cha nyuma mm 0.9 kulia. Kikiwa na kliki, usiamini kitabu. Piga risasi 5, zungusha kliki 4, piga 5 tena, pima umbali kati ya makundi, gawa kwa 4. Andika jibu kwa plasta kwenye kitako. Na rekebisha kwa kundi, kamwe si kwa tundu moja.

Wafundishe pia kusoma karatasi. Matundu yamejipanga kwa wima: anapiga akipumua, au urefu wa ncha ya mbele ndani ya mwanya unabadilika. Yamejipanga kwa mlalo: mwelekeo wa mwili haujawekwa, anasukuma kwa mkono. Makundi mawili madogo mbalimbali: alihamisha kiwiko au shavu katikati. Kundi zuri na tundu moja mbali: alishtuka, na mwangalizi wake anapaswa kuwa alishaliona.

Mlushois_Ughaibuni

Nyongeza fupi kwa wanaotaka kuhudhuria zile za asili huku Marekani. Zinazojulikana zaidi ni za Project Appleseed, za Revolutionary War Veterans Association. Mtu huja na bunduki yake ya risasi ndogo, mkanda, na risasi mia kadhaa kwa siku mbili. Lakini jihadharini: aliyeingia kwa viza ya kutembea au ya masomo, sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki na hata risasi, isipokuwa ana ruhusa maalumu, kwa mfano leseni halali ya uwindaji iliyotolewa huku. "Kushika" ni pamoja na kuazimwa kwa dakika kumi mstarini. Mwenye ukaazi wa kudumu hahusiki na katazo hilo. Ndugu yako akikualika, pata leseni kwanza au kaa nyuma usikilize historia.

Mwalimu_Kasapa

Lupangu imelala kaskazini kwa kusini. Masanduku tuyaweke upande upi?

Kapita_wa_Mstari

Kusini. Mwezi wa saba jua letu linapita kaskazini, hata saa sita mchana. Mkipiga kuelekea kusini, jua liko mgongoni, shabaha zimeangazwa na ncha ya mbele haing'ai. Mkipiga kuelekea kaskazini, kila mtu atakodoa macho. Asubuhi jua litatokea kushoto kwenu na jioni kulia, na mwanga wa upande mmoja humfanya mtu aione ncha imehama upande wa mwanga; paka ncha za mbele masizi ya mshumaa zipoteze mng'ao. Mstari wa kupigia uwe mita 10 kamili kutoka kwenye karatasi, upimwe kwa futi ya fundi, si kwa hatua. Nyuma yake zitabaki mita kama 10: mita 3 za waangalizi, kisha kamba, na nyuma ya kamba meza ya bunduki, ndoo ya maji na sabuni, na viti vya Mama kusimulia. Anzeni saa mbili asubuhi, baridi ikishapungua vidoleni.

Na mzazi mmoja akae mlangoni siku zote mbili, na ile barua yenye muhuri mkononi.